Barua ya wazi kwa viongozi wa elimu Mtwara na Lindi: moko upime kufikiri

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Maafisa Elimu wa Mikoa na wa Halmashauri, Wathibiti Ubora wa Shule, na kamati zote zinazotunga mitihani ya utamilifu.

Poleni na majukumu ya kila siku. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Newala, nafundisha Hisabati na Sayansi madarasa ya juu. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wazazi na walimu wenzangu kama linavyowagusa ninyi, na kwa sababu liko mikononi mwenu. Halisubiri sheria mpya wala kibali kutoka Dodoma.

Mtihani wa utamilifu, huu tuliozoea kuuita moko, pamoja na majaribio ya kata na ya wilaya yanayoutangulia, ndio unaoamua watoto wetu wafundishweje. Sera inasema lake, mtaala unasema lake, lakini mwalimu mwenye darasa la saba anatazama moko. Na moko wetu, mwaka baada ya mwaka, unauliza zaidi jambo moja: mtoto anakumbuka nini. Naomba muubadilishe, uulize pia mtoto anaweza kufanya nini na hicho anachokikumbuka.

Kila mwalimu aliyepita chuoni, awe wa Kitangali, Nachingwea au Mtwara, anazijua ngazi za kufikiri za Bloom: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini, kubuni. Tulizisoma na tukapimwa nazo. Kisichozungumzwa sana ni zilikotoka, na mimi naona hapo ndipo penye hoja yote. Benjamin Bloom alikuwa mtahini wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1948 watahini wa vyuo mbalimbali vya Marekani walikutana Boston, wakiwa na tatizo la kazini kabisa: kila mmoja alikuwa anatunga maswali yake peke yake, na hawakuwa na namna moja ya kusema swali fulani linapima nini. Bila hiyo wasingeweza hata kuazimana maswali. Wakaanza kuyapanga kwa aina ya kazi ambayo akili ya mwanafunzi inalazimika kuifanya, na mwaka 1956 wakachapisha mpangilio wao. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl, huyu wa pili akiwa mmoja wa wale wa 1956, waliupitia upya, wakageuza majina ya ngazi kuwa vitenzi na kuipandisha kubuni ikawa juu ya kutathmini.

Kwa hiyo ngazi hizi zilizaliwa mezani kwa watunga mitihani. Sisi tumezihamishia kwenye andalio la somo, tukaziacha huko, na mtihani wenyewe ukabaki chini.

Nieleze ninavyoliona darasani. Mthibiti ubora akifika, anafungua andalio na azimio la kazi. Anaangalia umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji na vitenzi vilivyotumika. Akikuta "kuchambua" au "kutathmini", somo linaonekana limepanda. Lakini kitenzi peke yake hakipandishi swali. Chukueni swali ambalo mwalimu yeyote wa Historia amekutana nalo: "Jadili sababu tano za Vita vya Majimaji." Kitenzi ni cha juu. Mwanafunzi, hata hivyo, ana daftari lenye sababu tano zilizopangwa moja mpaka tano, na msahihishaji ana mwongozo wenye sababu hizohizo. Anayezikumbuka anapata maksi zote. Aliyeleta sababu ya kwake, yenye ushahidi, hana pa kuwekewa vema. Swali hilo, pamoja na "jadili" yake, liko ngazi ya kwanza.

Na vita hivyo ni vya kwetu. Vilianzia Nandete, katika milima ya Matumbi huko Kilwa, Julai 1905, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu na Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminika kuwakinga watu na risasi, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Mtoto wa Kilwa anaweza kuulizwa hivi: kama aliyegawa maji alinyongwa mapema namna hiyo, kwa nini vita vilizidi kuenea baada ya kifo chake, vikafika hadi Ungoni na kuendelea mpaka 1907? Au apewe maelezo mawili mafupi, moja limetungwa kwa mtazamo wa ofisa wa Kijerumani na jingine kwa mtazamo wa mzee wa kijiji, aulizwe yanapishana wapi na yeye analiamini lipi kwa sababu gani. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliovijua vita hivyo. Vijana wale walilazimika kusikiliza, kulinganisha, kutilia shaka na kuamua. Mtoto wa darasa la saba anaweza kuanza kazi ya namna hiyo kwa aya mbili na swali moja.

Lindi kuna mfano mwingine. Wajerumani walichimba mifupa ya mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, pale Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na kiunzi chake kikubwa kimesimama makumbusho ya Berlin mpaka leo. Ukimwuliza mtoto ataje mahali yalipochimbwa mabaki hayo, umepima kumbukumbu. Ukimwambia amwandikie mkuu wa makumbusho barua fupi akitetea mifupa irudi au ibaki, na ataje angalau jambo moja ambalo upande wa pili ungesema, umempandisha mpaka juu kabisa, na huna haja ya kitabu kipya wala maabara.

Kwenye Sayansi nina jambo nililoliona mwenyewe. Tulikuwa tunamalizia fangasi. Madaftari ya wanafunzi yalikuwa safi: ubwiri unga husababishwa na fangasi, dalili zake ni unga mweupe kwenye majani machanga na maua ya mkorosho, kinga ni kupuliza salfa. Ukiuliza dalili, mikono yote juu. Nikauliza: "Wazazi wenu wanaamka alfajiri kupuliza salfa. Kwa nini wasipulize saa saba mchana?" Mikono ikashuka. Wakaanza kufunua kurasa. Kijana mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, hilo tuliandika?"

Nikawaambia wafunge madaftari. Kimya kilikuwa kirefu, na nakiri kwamba mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza hujisikia vibaya kimya kikizidi. Kisha binti aliyekaa nyuma akasema alfajiri majani yana umande, na salfa ni unga, inashika penye unyevu. Mwenzake akaongeza kwamba mchana upepo wa huku juu unaichukua salfa yote, inakwenda shamba la jirani. Mwingine akadakia: basi jirani anafaidi bila kununua. Hapo darasa likachemka. Wakaanza kubishana kama mtu anaweza kuokoa mikorosho yake ikiwa jirani hapulizi kabisa, maana huo unga mweupe nao unaruka na upepo. Mmoja akasema basi kijiji kizima kipulize siku moja. Mwenzake akamwuliza, na asiye na hela ya salfa je?

Watoto hao walitumia maarifa waliyoyaandika, wakatafuta sababu, wakapima hoja za wenzao, na mwishoni wakapendekeza mpango wa kijiji. Ngazi zote zilipitiwa ndani ya kipindi kimoja, kwa Kiswahili, bila chati wala projekta. Lakini mtihani uliokuja baadaye uliuliza: "Taja ugonjwa wa mkorosho unaosababishwa na fangasi." Alama moja. Kijana aliyeuliza kama tuliandika alipata alama hiyo, na binti wa umande naye akapata hiyohiyo. Karatasi haikuona tofauti kati ya somo lile na nusu saa ya kunakili ubaoni.

Nawaomba mtafakari matokeo yake kwa mwalimu. Kama kipindi cha kubishana na kipindi cha kunakili vinaleta alama ileile, na cha kunakili kinamaliza silabasi mapema, mwalimu gani mwenye kutaka kulinda kazi yake atachagua cha kubishana? Walimu wenzangu hawafundishi kukariri kwa uvivu. Wanafundisha kile kinachopimwa, na anayekipima ni ninyi.

Matokeo ya moko yakitoka, shule hupangwa ya kwanza mpaka ya mwisho. Kikao cha tathmini kinaitishwa, walimu wakuu wanasimama mmoja mmoja kueleza kwa nini wameshuka. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora kitaifa tangu Januari 2023. Kwetu wilayani orodha bado zinabandikwa. Mwalimu mkuu akirudi kutoka kikao kama hicho, jambo la kwanza analoanzisha ni kambi.

Kambi ninazozijua zinaendeshwa kwa nia njema, na wazazi wanajinyima kuchangia mahindi, maharage na mafuta ya taa. Lakini tazameni kinachofanyika ndani. Asubuhi pepa ya mwaka fulani, inasahihishwa. Mchana pepa nyingine. Baada ya kula usiku, nyingine tena. Wiki zikipita, mtoto anaanza kulitambua swali kabla hajalimaliza kulisoma. Kwenye kambi moja walimu walibadilisha vipimo vya kiwanja katika swali la eneo, urefu na upana mpya, maneno yaleyale. Kundi kubwa la watoto wakaandika jibu la pepa ya zamani. Walikuwa wamejifunza jibu. Swali hawakulisoma, kwa sababu miezi ile yote hakuna kilichowalazimisha kulisoma.

Sasa niwape mfano wa Hisabati, maana hapa mabadiliko ni rahisi kuliko mnavyodhani. Mwaka mzima mtoto wa Tandahimba, Newala au Ruangwa anasikia nyumbani habari za mnada, mizani na makato. Swali la kawaida la moko lingesema: mkulima alipeleka kilo 480 za korosho ghalani, bei ya mnada ni shilingi 3,000 kwa kilo na makato ni shilingi 150 kwa kilo, atalipwa kiasi gani? Ni swali zuri, lipo ngazi ya kutumia, libaki. Lakini geuzeni kidogo: mkulima huyo amelipwa shilingi 1,338,000. Je, amelipwa sawasawa? Eleza unajuaje. Hesabu ni ileile; jibu sahihi la malipo ni shilingi 1,368,000, kwa hiyo pungufu ni 30,000. Kilichobadilika ni kwamba mtoto hajaambiwa azidishe nini na atoe nini. Inabidi aamue mwenyewe njia, aifuate, alinganishe na kiasi alicholipwa, kisha atoe hukumu na kuitetea. Huyo ndiye mtoto ambaye baba yake atamtuma aisome stakabadhi.

Najua mtakachoniambia. Mtihani wa taifa wa darasa la saba sehemu yake kubwa ni maswali ya kuchagua, na tangu 2012 majibu yanasomwa na mashine kwa fomu za OMR, kwa hiyo moko lazima ufanane nao. Nakubali ufanane. Lakini swali la kuchagua si lazima liwe la kukumbuka. Someni hili: "Mkulima alipuliza salfa saa sita mchana siku yenye upepo. Wiki mbili baadaye maua ya mikorosho yake yana unga mweupe; ya jirani yake aliyepuliza alfajiri hayana. Achunguze nini kwanza? A: umri wa mikorosho. B: kiasi cha salfa kilichoshika kwenye maua. C: aina ya udongo. D: nafasi kati ya mti na mti." Mashine inalisoma swali hilo kama inavyosoma jingine lolote. Tofauti ni kwamba jibu lake halipo kwenye daftari la mtoto yeyote, na hata anayekosea anakuachia habari: aliyechagua C anadhani ugonjwa unatoka chini, hajaelewa fangasi inavyosafiri, na mwalimu anajua kesho arudie wapi. Baraza lenyewe hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, zikionyesha watahiniwa waliangukia chaguo gani. Taarifa hizo ni hazina. Katika shule nyingi hazisomwi na walimu wanaofundisha somo husika. Zinaishia kwenye simu ya mwalimu wa taaluma.

Kutunga swali la namna hiyo kunachukua muda, sitaficha. "Taja" inatungwa kwa dakika moja. Swali la salfa hapo juu linahitaji mtu anayejua salfa inavyofanya kazi, anayejua watoto hukosea wapi, na mwenzake wa kulisoma kwa jicho kali kabla halijatoka. Ndiyo maana naomba kamati ziache kazi ya usiku mmoja wa kukata na kubandika kutoka pepa za nyuma. Tayari tuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na jumuiya za kujifunza zinazokutana shuleni na kwenye kata. Mara nyingi tunakutana tukajaza fomu na kuzungumzia mada ngumu kwa jumla. Tupeni kazi moja ya kweli katika vikao hivyo: kila jumuiya itunge maswali ya ngazi ya kuchambua na kutathmini kwa masomo yake, ijaribu darasani, irekebishe, iyapeleke wilayani. Baada ya misimu michache mikoa hii miwili itakuwa na hifadhi yake ya maswali, kama wale watahini wa Boston walivyotaka. Na kwa maswali ya korosho, watafiti wa kilimo wa TARI Naliendele wapo hapahapa Mtwara, mnaweza kuwaomba wayapitie tusije tukawapotosha watoto.

Jambo la pili mtakalosema ni wingi wa watoto. Hapo mna haki kabisa, na sipendi barua zinazolipita jambo hili haraka. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sisi tunaofundisha vijijini tunajua madarasa yanayozidi hapo mara mbili, na swali la "eleza unajuaje" kwa watoto hao wote ni rundo la madaftari ambalo mwalimu anabeba kwenda nalo nyumbani, hana taa, ana watoto wake wa kulea. Kwa hiyo siombi karatasi nzima ya maelezo. Naomba maswali mawili ya wazi kwa kila somo, yenye nafasi ya mistari michache ya kujibu, na mwongozo wa kusahihishia unaokubali jibu lolote lenye sababu inayosimama. Usahihishaji wa pamoja tunao tayari kwenye mitihani ya ujirani mwema. Walimu wa shule jirani wakikaa pamoja Jumamosi, maswali mawili yanakwisha. Tena mwalimu anayesahihisha majibu ya wazi ya watoto wa shule nyingine anajifunza kuliko kwenye semina nyingi nilizohudhuria. Anaona kwa macho yake watoto wanavyofikiri.

La tatu, na hili nimelisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu: watoto wetu hata kusoma kunawasumbua, kwanza wakumbuke, kufikiri kutakuja. Sidharau kukumbuka. Mtoto asiyejua saba mara nane bila kuhesabu vidole hawezi kukagua malipo ya korosho, na asiyejua fangasi ni nini hana cha kubishana kuhusu umande. Kumbukumbu ndiyo malighafi. Lakini hakuna umri ambao mtoto anahifadhi tu akingoja kufikiri baadaye. Mtoto wa darasa la kwanza anayejifunza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, anaweza kuulizwa kwa nini mhusika wa hadithi alijificha, na angefanyaje yeye. Wadogo zake wanatega vitendawili jioni. Watoto wanaokaa jirani na wachezaji wa bao, mashimo 32 na kete 64, wanajua kuhesabu kete zitaishia wapi kabla mchezaji hajazigusa. Kufikiri wanakuja nako shuleni. Kinachotokea miaka saba baadaye ni kwamba wengi wao wamejifunza kuuliza "tuliandika hilo?"

Niongeze neno juu ya sekondari, ingawa si eneo langu. Mitaala ya sekondari imekuwa ikizungumzia umahiri tangu 2005, na bado wanangu niliowafundisha wakirudi likizo wananisomea maana za istilahi za Biolojia kwa Kiingereza, neno kwa neno, na nikiuliza kwa Kiswahili jambo hilo linafanyikaje kwenye mti uliopo mbele yetu, wanatazamana. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza; hilo halimo kwenye mamlaka yenu. Lililomo ni hili: mthibiti ubora asimwandikie mwalimu kosa kwa kuwaacha wanafunzi wabishane kwa Kiswahili dakika kumi kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Mtu huanza kufikiri kwa lugha anayoimudu. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo linafundishwa kwa Kiswahili, lingekuwa mahali pazuri pa kuonyesha vijana hawa wanaweza kupanda mpaka wapi wanapokuwa na maneno.

Haraka yangu ina sababu. Mitaala mipya ilianza kutekelezwa Januari 2024, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka ule wako kwenye mfumo wa elimu ya msingi ya miaka sita, na watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Vitabu vyao vinawataka wachunguze, wajaribu, watengeneze. Ikiwa majaribio ya kata na moko watakaofanya vitabaki kuwa vya "taja" na "orodhesha", walimu wao watarudi kwenye kunakili kama tulivyorudi sisi, na mtaala utabaki kwenye jalada la kitabu. Muda wa kuzoesha walimu na watoto maswali mapya ni sasa, kwenye majaribio madogo ambayo hayaamui hatima ya mtoto, kabla hajaukuta mtihani wa mwisho.

Ninachowaomba wakuu zangu, basi, ni kwamba jedwali la utahini la moko unaofuata katika mikoa yote miwili lionyeshe wazi maswali mangapi ni ya kukumbuka, mangapi ya kutumia, mangapi ya kuchambua na kuendelea, na lipelekwe shuleni mwanzoni mwa muhula ili mwalimu ajue anaelekea wapi. Mkianza na theluthi moja ya maswali kuwa ya ngazi zilizo juu ya ile ya kuelewa, wastani wa ufaulu utashuka mwaka wa kwanza. Naomba mlijue hilo mapema na mlitangaze mapema, ninyi wenyewe, kwa Wakuu wa Wilaya na kwa wazazi, ili asiwepo mwalimu mkuu wa kusimamishwa kikaoni kwa sababu ya kushuka mlikokutarajia. Bila kinga hiyo hakuna shule itakayothubutu.

Wathibiti ubora nao, wakija, pamoja na andalio waombe karatasi ya jaribio la mwisho alilolitoa mwalimu na madaftari ya watoto watatu waliolifanya. Hapo wataona ngazi ipi inafundishwa kwa kweli. Na orodha za kupanga shule zisimame walau katika miaka ya mabadiliko; nafasi yake ichukuliwe na uchambuzi wa maswali, tujue watoto wa Nanyumbu na wa Liwale wamekwama kwenye kitu gani, tusaidiane.

Jumuiya yetu ya kujifunza imeshaanza kutunga maswali ya Sayansi na Hisabati kwa mazingira ya huku: maji ya uwanda wa Makonde, korosho, uvuvi wa Mikindani, gesi ya Msimbati. Tumeyajaribu darasani na tumeandika watoto walivyoyajibu, pamoja na yale yaliyotushinda sisi wenyewe kuyatungia mwongozo. Yatafika halmashauri kupitia kwa Afisa Elimu Kata. Tunaomba yasomwe kabla kamati ya moko haijakaa, na kama hayafai, tuandikiwe kwa nini.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Newala, Mtwara